Mteremko Hausubiri Fundi: Pikipiki Itunzwe Uani

Vilima vya Gashonga, katika Wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, havimpi mwendesha pikipiki nafasi ya kubahatisha. Upande mmoja liko Ziwa Kivu, lililo kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Upande wa pili liko bonde la Bugarama, lenye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji, ambalo limeshuka chini ya mita 1,000 na ndilo eneo la chini kuliko yote nchini humo. Kati ya ziwa na bonde njia hupanda, hupinda na kushuka. Apitaye huko akiwa amebeba abiria au gunia hukamata breki mara nyingi kuliko mwenzake wa nchi tambarare, na mnyororo wa pikipiki yake huvutwa kwa nguvu katika kila mlima.

Eneo hilo lilikuwa katika Mkoa wa Cyangugu hadi mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006. Hapo Gashonga ndipo ilipo Mibilizi, ambako wamisionari wa Kikatoliki walifungua kituo mwaka 1903, na ambayo jina lake limebaki katika aina mojawapo ya kahawa iliyoenea nchini Rwanda. Hospitali ya Mibilizi nayo iko hapo. Katika mahali kama hapo pikipiki si chombo cha anasa. Ndiyo impelekayo mwalimu shuleni, askari polisi kituoni na mkulima sokoni. Na usiku, uchungu wa uzazi ukimshika mama kabla ya gari kupatikana, mara nyingine ndiyo imfikishayo hospitalini. Ikikataa kuwaka usiku huo, hasara yake haihesabiki kwa faranga. Na ikikataa kusimama kwenye mteremko, hasara huwa kubwa zaidi.

Askari huyajua mambo haya kwa kazi yake. Bunduki husafishwa kambini, haisafishwi vitani. Pikipiki nayo hutunzwa uani siku ya mapumziko, ikiwa imepoa na kusimama mahali pakavu, kwa kuwa mteremko hausubiri fundi afike. Mengi katika mambo yanayoiharibu ni madogo, yaonekana kwa macho, na hurekebishwa kwa spana mbili tatu na kitambaa. Wahenga walikwisha kusema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

FUNZO LILILOTOKA SOMALIA

Katika miaka ya 1980 mwandishi wa habari Mwingereza, Barry Coleman, na mwendeshaji wa mbio za pikipiki kutoka Marekani, Randy Mamola, walizuru Somalia kuona kazi za kuwasaidia watoto. Walikuta vyombo vya kuwapelekea wananchi huduma ya afya vimelala. Havikuwa vimechakaa kwa umri. Vililala kwa kukosa matunzo madogo ambayo hakuna aliyewafundisha watumiaji wake. Chanjo ikawapo, mhudumu akawapo, mtoto akawapo kijijini, lakini njia ya kuwakutanisha ikakatika kwa sababu ya oili au nati.

Coleman na mkewe Andrea walikuwa miongoni mwa waliokuja kuanzisha shirika la Riders for Health, lililowafundisha watumishi wa afya katika nchi kama Lesotho na Gambia kuzikagua pikipiki zao kila siku kabla ya safari. Lesotho nayo ni nchi ya milima. Funzo la huko latosha kwa kila nyumba yenye pikipiki: anayeitunza kwanza ni yule anayeipanda, na fundi huja baada yake.

UKAGUZI WA KILA ASUBUHI

Dakika tano zatosha. Pikipiki isimamishwe kwa stendi kubwa mahali palipo sawa, na mwenyewe aizunguke mara moja kama afisa akaguaye gwaride, akifuata utaratibu uleule kila siku ili asisahau kitu.

1. Ardhi iliyo chini ya injini. Doa jipya la mafuta ni habari ya mapema kwamba kuna nati iliyolegea au kizuizi kilichochoka.

2. Petroli. Atikise pikipiki kidogo asikilize tangi, na ahakikishe koki haikusahauliwa kwenye rizevu. Aliyekwisha kutumia akiba bila kujua hana akiba tena.

3. Oili ya injini. Itazamwe kwa kijiti chake au kwa kidirisha cha kioo kilicho ubavuni mwa injini. Iwe kati ya alama mbili.

4. Magurudumu. Yabonyezwe, yazungushwe kwa mkono, yatazamwe kama yana msumari, mwiba au mpasuko.

5. Breki zote mbili. Pikipiki isukumwe kwa mguu na kukamatwa, kwanza ya mbele, kisha ya nyuma.

6. Mnyororo. Uguswe kwa kidole, injini ikiwa imezimwa.

7. Taa ya mbele, taa ya breki, indiketa na honi.

8. Nati na bolti, hasa za ekseli za magurudumu, za injini na za usukani. Barabara ya mawe hufungua nati kidogo kidogo bila mwenyewe kusikia.

Kazi hii yafaa ifanywe mbele ya jamaa za nyumbani. Mtoto aliyekwisha kukua aweza kutazama taa ya breki wakati baba au mama akikanyaga. Naye atakayepanda nyuma ana haki ya kujua kwamba chombo kimekaguliwa.

BREKI NDIZO ZA KWANZA

Pikipiki nyingi ndogo zina breki za ngoma, nyuma au mbele na nyuma. Ndani ya kitovu cha gurudumu mna bitana mbili zilizopinda kama mwezi mchanga. Breki inapokanyagwa, bitana hutanuka na kuikamata ngoma inayozunguka. Kila zikamatapo hulika kidogo, na ndiyo maana kanyagio huzidi kushuka chini siku baada ya siku.

Kanyagio la nyuma liwe na ulegevu wa sentimita mbili hadi tatu kabla ya breki kushika. Likizidi hapo, nati iliyo mwishoni mwa fimbo ya breki izungushwe nusu mzunguko kwa mara moja, huku gurudumu likizungushwa kwa mkono. Gurudumu liwe huru kabisa breki inapoachiwa. Likikwaruza, nati irudishwe kidogo. Breki iliyokazwa mno huchoma bitana, hula petroli na kuchosha injini. Baada ya kurekebisha, taa ya breki ijaribiwe tena.

Kwenye bamba la breki pikipiki nyingi zina mshale mdogo. Breki ikikamatwa na mshale ukapita alama ya mwisho, bitana zimekwisha, na kuikaza nati zaidi ni kujidanganya. Ziwekwe mpya. Kwa breki za diski, mafuta ya breki yawe kati ya alama mbili za kikopo chake. Yakipungua ghafla, ama yanavuja ama pedi zimekwisha, na pikipiki isiondoke uani.

Wapo waendeshaji wanaozima injini au kutoa gia mteremkoni ili waokoe petroli. Hii ni akiba ya hatari kubwa. Injini iliyo katika gia ndogo huizuia pikipiki yenyewe; injini ikitolewa, mzigo wote waangukia breki. Breki ikikamatwa muda mrefu bila kupumzika hupata moto, bitana hupoteza mshiko, na mwendeshaji hukanyaga asipate kitu. Kabla ya kuanza kushuka, gia ishushwe, mwendo upunguzwe, na breki zikamatwe kwa vipindi. Akinusa harufu ya kuungua, asimame mahali salama aache zipoe. Asimwagie maji ngoma iliyo moto, kwa maana chuma cha moto kikipozwa ghafla chaweza kupasuka.

Vumbi la ndani ya breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Bitana za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, nayo hudhuru mapafu. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi. Wala oili isikaribie bitana hata tone moja.

MNYORORO NA MENO YAKE

Mnyororo ukilegea mno huruka meno, na ukikatika mwendoni waweza kujisokota na kufunga gurudumu la nyuma. Ukikazwa mno huumiza beringi na kulika upesi. Katikati ya upande wa chini usukumwe juu na chini kwa kidole: kwa pikipiki nyingi ndogo uwe na mwendo wa milimita 20 hadi 30, au kama kitabu cha pikipiki kisemavyo. Upimwe mahali patatu au panne huku gurudumu likizungushwa, maana mnyororo haulegei sawasawa.

Kuukaza, nati ya ekseli ya nyuma hulegezwa kwanza, kisha nati ndogo za pande mbili huzungushwa kwa kipimo kilekile, mpaka alama za kulia na kushoto zilingane. Alama zisipolingana gurudumu hukaa upande, na pikipiki huvuta pembeni. Mwishoni nati ya ekseli ikazwe barabara, na breki ya nyuma ipimwe upya, kwa sababu gurudumu limesogea.

Kuusafisha, yafaa kutumia mafuta ya taa na brashi kuukuu, kisha kuufuta na kuupaka oili nzito ya gia upande wa ndani, ule unaogusa meno. Oili chafu iliyotoka kwenye injini isitumiwe, ingawa ni ya bure. Imejaa chembe za chuma na masizi, nayo husaga kama msasa. Kipini cha kiungo cha mnyororo, kama kipo, upande wake uliozibwa uelekee mwendo wa mnyororo, ili kisichomoke.

Onyo moja halina msamaha: mnyororo usisafishwe wala kupakwa oili injini ikiwaka. Kitambaa hunaswa, na kidole hufuata. Watoto nao wawekwe mbali.

Meno ya magurudumu yake, sproketi kama mafundi wanavyoyaita, yakichongoka kama pezi la papa yamekwisha. Bora mnyororo na sproketi zote mbili zibadilishwe pamoja, kwani mnyororo mpya juu ya meno ya zamani huzeeka mapema.

MAGURUDUMU NA PANCHA

Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi. Kipimo huandikwa kwenye kitabu au kibandiko cha pikipiki, na aghalabu tairi la nyuma huhitaji upepo zaidi abiria au mzigo unapoongezwa. Tairi lenye upepo mdogo hupata joto na kupasuka kandokando. Lenye upepo mwingi mno huteleza kwenye matope na kurusha mwendeshaji kwenye mawe. Maua ya tairi yakifikia vijinundu vya alama vilivyo ndani ya mifereji yake, tairi libadilishwe. Sindano ya upepo ikionekana imelala upande, tairi limeteleza juu ya ringi na tyubu inavutwa. Irekebishwe kabla haijakatika.

Spoki zigongwe moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza hulia kwa sauti kali, iliyolegea hutoa sauti butu. Moja au mbili zilizolegea zaweza kukazwa kidogo. Zikiwa nyingi, au ringi ikiwa inayumba, kazi hiyo ni ya fundi.

Kuziba pancha ni elimu inayostahili kujulikana na kila mwenye pikipiki aishiye mbali na mji. Tyubu itolewe, ijazwe upepo na kuzamishwa katika karai la maji. Povu litaonyesha tundu. Mahali hapo pakaushwe na kukwaruzwa kwa msasa eneo linalozidi kiraka kidogo. Solusheni ipakwe nyembamba na kuachwa hadi isinate kidoleni; ndipo kiraka kiwekwe na kukandamizwa kwa nguvu. Wengi hushindwa hapa kwa haraka, wakibandika solusheni ikiwa mbichi. Kabla ya kurudisha tyubu, ndani ya tairi papapaswe polepole kwa kitambaa. Mwiba uliotoboa mara ya kwanza ukiachwa utatoboa tena kabla ya jioni.

OILI, HEWA NA PLAGI

Injini ndogo ya pikipiki hubeba oili ya lita moja hivi tu, na oili hiyo hiyo hulainisha injini, gia na klachi kwa pikipiki nyingi. Basi ikipungua kidogo imepungua sana. Muda wa kuibadilisha hutajwa kitabuni. Kwa nyingi ni kila kilomita 2,000 hadi 3,000, na mapema zaidi kwa pikipiki inayopanda milima na mizigo. Imwagwe injini ikiwa na uvuguvugu ili itoke yote pamoja na uchafu. Nati ya chini ikazwe kwa kiasi. Wengi wameharibu uzi wake kwa kutaka kuonyesha nguvu. Oili mpya iwe ya pikipiki, kwa maana baadhi ya oili za magari huifanya klachi iteleze.

Oili chafu isimwagwe shambani, mferejini wala mtoni. Huharibu maji ya kunywa na udongo kwa muda mrefu. Ihifadhiwe katika dumu lenye alama na kupelekwa kwenye karakana inayoikusanya.

Kichujio cha hewa ndicho pua ya injini. Miezi ya Juni hadi Agosti, vumbi linapotawala, kitazamwe kila wiki. Kama ni cha sponji, kioshwe kwa maji ya sabuni, kikaushwe kivulini, kitiwe oili safi kidogo na kuminywa kwa viganja bila kusokotwa. Kisioshwe kwa petroli, kwani petroli huwaka kwa cheche ndogo. Kama ni cha karatasi, kigongwegongwe taratibu kutoa vumbi, na kikiziba kibadilishwe. Mwenye kuendesha bila kichujio ili pikipiki ipate nguvu anaingiza mchanga ndani ya silinda.

Plagi ni shahidi wa hali ya injini. Itolewe injini ikiwa baridi. Ncha yenye rangi ya kahawia ni dalili njema. Ikiwa nyeusi kavu kama masizi, petroli ni nyingi au kichujio kimeziba. Ikiwa nyeupe, injini inapata joto mno. Ikiwa imelowa oili, pete za pistoni au vizuizi vya vali vimechoka, na fundi aitwe. Kuirudisha, ianze kuzungushwa kwa vidole mpaka ikae, ndipo spana itumike.

BETRI, TAA NA NYAYA

Betri yenye vifuniko ichunguzwe kila mwezi. Maji yake yakishuka chini ya alama, yaongezwe maji maalumu ya betri, si ya bombani wala ya mvua, na asidi isiongezwe. Vichwa vyake vikiota ukungu mweupe au wa kijani, vioshwe kwa maji moto yenye magadi kidogo, vikaushwe na kupakwa mafuta ya kujipaka. Waya wa hasi utolewe kwanza na kurudishwa mwisho. Moto na sigara viwe mbali, kwani betri inayochajiwa hutoa hewa inayowaka.

Waya za klachi na breki zitazamwe nchani. Ukionekana uzi mmoja umekatika, waya wote ubadilishwe, maana nyuzi nyingine hazitakawia. Mkono wa klachi uwe na ulegevu wa milimita 10 hadi 15. Ukikosa ulegevu klachi huteleza na kuungua mlimani.

Pikipiki za umeme nazo zimeingia Rwanda, hasa Kigali. Hazina oili ya injini wala plagi, lakini zina breki, matairi, nati na taa. Sheria ya mteremko ni moja kwa zote.

SIKU ZA MVUA

Rusizi hupata mvua nyingi, hasa kuanzia Septemba hadi Desemba na tena Machi hadi Mei. Matope yakikauka juu ya injini huzuia joto kutoka, na yakikauka kwenye mnyororo huula. Pikipiki ioshwe jioni ileile, injini ikiwa imepoa, kwa ndoo na kitambaa, mbali na kijito kinachochotwa maji. Maji yasielekezwe kwa nguvu kwenye vitovu vya magurudumu, plagi wala mdomo wa bomba la moshi. Baada ya kuosha, mnyororo upakwe oili, na breki zikamatwe mara kadhaa kwa mwendo mdogo hadi zikauke.

PIKIPIKI INAPOLALA NDANI

Kwa kuogopa wezi, familia nyingi huilaza pikipiki sebuleni. Hapa ndipo matunzo ya chombo yanapokutana na usalama wa nyumba. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi ukutane na kibatari, mshumaa au jiko. Kama hapana njia nyingine, koki ifungwe, pikipiki iachwe ipoe nje kwanza, mlango au dirisha litoe hewa, na moto wa aina yoyote usiwashwe chumba hicho. Afadhali kibanda kidogo chenye mnyororo na kufuli kuliko kulala na tangi la petroli.

Injini kamwe isiwashwe ndani, hata kwa dakika chache za kuipasha moto. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua walalao bila kuwaamsha.

Petroli, oili na asidi visiwekwe katika chupa za soda au za maji. Mtoto mwenye kiu hasomi harufu, huona chupa aijuayo. Ikitokea akanywa petroli au mafuta ya taa, asitapishwe, kwa kuwa yakipanda yaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ichukuliwe ionyeshwe. Bomba la moshi nalo huunguza miguu ya watoto na abiria. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20; dawa ya meno, samli na oili visipakwe.

VIFAA NA DAFTARI

Haihitajiki karakana. Spana za namba 10, 12, 14 na 17, spana ya plagi, bisibisi mbili, koleo, pampu, vyuma vya kubandulia tairi, viraka na solusheni, brashi na vitambaa vyatosha kwa kazi zilizotajwa. Ekseli huweza kuhitaji namba kubwa zaidi, na mwenyewe aipime kabla ya kununua. Vyote viwe na sanduku lao, na kila kimoja kirudi mahali pake.

Pamoja na vifaa hivyo liwepo daftari. Siku oili ilipobadilishwa, kilomita zilizosomwa, bei ya tairi na jina la kifaa viandikwe humo. Askari apelekwapo mbali kikazi, mkewe au ndugu aliyeachiwa pikipiki hatakisia, atasoma. Daftari hilo pia huonyesha mwisho wa mwaka kama pikipiki inailisha nyumba au nyumba ndiyo inayoilisha pikipiki.

YA KUMWACHIA FUNDI

Kujua mpaka wa ujuzi ni sehemu ya ujuzi. Kurekebisha vali, kufungua kisanduku cha gia, kuondoa hewa katika breki za diski, kunyoosha chesi au ringi na kuchomelea karibu na tangi si kazi za uani kwa asiyejifunza. Lakini mwenye pikipiki aendaye kwa fundi akiwa anajua mlio ulianza lini, oili ni ya kilomita ngapi na plagi ina rangi gani, hutengenezewa upesi na hadanganywi kirahisi. Aombe aonyeshwe kifaa cha zamani kilichotolewa, na kabla ya kulipa ajaribu breki mwenyewe mahali tambarare.

Mwaka 2019 Polisi ya Taifa ya Rwanda ilianzisha kampeni ya usalama barabarani iitwayo Gerayo Amahoro, maana yake kufika kwa amani. Safari ya amani huanzia uani, kabla kofia ya chuma haijavaliwa na mwendeshaji na abiria wake. Anayeshuka vilima vya Gashonga jioni, mvua ikinyesha na mtu wa nyumbani kwake ameketi nyuma, hataweza tena kukaza nati aliyoiacha asubuhi. Alilolitenda uani ndilo atakaloshuka nalo.